Shylock ana kisu, Shylock ana macho

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilipokuwa sekondari mwalimu wetu alitusimulia habari za Shylock, yule mkopeshaji wa Venisi aliyetaka kukata ratili ya nyama kwenye kifua cha mdeni wake. Nilimchukia. Baadaye nikasoma Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, nikaendelea kumchukia. Sasa binti yangu yuko chuo, na likizo hii amenionyesha filamu ya mwaka 2004 ambamo Al Pacino ndiye Shylock. Mwisho wake nililia. Binti anasema Shylock ndiye aliyedhulumiwa, mimi nasema wenye filamu wamemsafisha. Shylock wa kweli ni yupi? Na msimuliaji wa leo ana haki gani ya kumgeuza mhusika wa mtu aliyekwisha kufa? (Mama wa wawili, Morogoro)

Marahaba, mama. Nianze na machozi yako, maana hayo tunaweza kuyafuatilia mpaka yalikotoka.

Filamu ile ya Michael Radford inakwisha hivi: Shylock yuko nje peke yake, sinagogi limefungwa naye hana tena ruhusa ya kuingia, halafu tunamwona binti yake Jessica akiitazama pete ya feruzi kidoleni. Shakespeare hakuandika hata moja kati ya hayo mawili. Kwake, Shylock anaondoka mahakamani katika tendo la nne, akisema hajisikii vizuri, hati wampelekee nyumbani ataitia sahihi. Hatumwoni tena. Tendo la tano lote ni mbalamwezi, muziki, na wanaume wanaotaniwa na wake zao kwa pete walizozigawa. Na ile feruzi, katika tamthiliya, Jessica hanayo: Tubal, Myahudi mwenzake, anamwambia Shylock kwamba mmoja wa wanaomdai Antonio (yule mdeni wa ratili ya nyama) amemwonyesha pete aliyoipata kwa binti huyo, naye akampa mnyama kima badala yake. Filamu imemgeuza Tubal kuwa mleta uvumi. Kwa hiyo hoja yako ina mguu wa kusimamia. Wamemsafisha.

Lakini usiondoke hapo kwa Tubal, subiri jibu la Shylock. Pete ile, anasema, alipewa na Leah alipokuwa bado kapera. Asingeitoa hata angepewa msitu mzima wa kima. Sentensi moja tu, na Leah hatajwi tena popote. Hii ni ya Shakespeare mwenyewe, hakuna mwenye filamu aliyeitia. Dakika moja kabla, mtu huyuhuyu ametoka kusema afadhali binti yake angekuwa amelala maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni. Anamtakia mwanawe kifo, kisha anamkumbuka mke wake. Ukiniuliza Shylock wa kweli yuko wapi, nitakupeleka hapo, tendo la tatu, onyesho la kwanza, na nitakaa nawe muda mrefu.

Sasa kwa nini mwalimu wako wa sekondari hakukupeleka? Nakisia kwamba alichowasimulia hakikuwa tamthiliya yenyewe bali mjukuu wa kitabu cha watoto. Mwaka 1807 ndugu wawili wa Uingereza, Charles na Mary Lamb, walitoa visa vya Shakespeare kwa lugha nyepesi, na kitabu hicho kikazunguka dunia pamoja na shule za Waingereza. Hata Kiswahili kilikutana na Shakespeare kwa mlango huo kwanza: katika karne ya 19 mmisionari Edward Steere alipiga chapa Unguja baadhi ya visa vya akina Lamb. Sasa angalia kilichopunguzwa. Katika kisa chao cha Shylock hakuna masanduku matatu ya Portia, yule bibi tajiri ambaye wachumba wake hulazimika kuchagua sanduku ili wamwoe. Mwana wa mfalme wa Moroko hayupo. Jessica anatajwa kwa haraka karibu na mwisho, basi. Na yale maneno maarufu kuliko yote, Myahudi kwani hana macho, hayamo kabisa. Vizazi vingi vimempokea Shylock akiwa na kisu, lakini hana macho. Ukimpunja mtu hivyo, nani asimchukie?

Shakespeare naye alikuwa msimuliaji upya, tena asiye na haya. Kisa cha ratili ya nyama alikikuta katika kitabu cha Kiitaliano kiitwacho Il Pecorone, kilichoandikwa karne ya 14 na kupigwa chapa mwaka 1558. Mule yumo mkopeshaji Myahudi, yumo bibi tajiri wa Belmonte, imo hila ya kumruhusu akate nyama bila kumwaga damu. Mkopeshaji hana jina wala binti. Akishindwa anaichana hati yake kwa hasira na kwenda zake. Jina Shylock ni la Shakespeare. Binti ni wa Shakespeare, ingawa katika hilo alikuwa ameshamwona Myahudi wa mtunzi mwenzake Christopher Marlowe, Barabas, mwenye binti anayebadili dini. Pete ya Leah ni ya Shakespeare. Na adhabu ya kulazimishwa kubatizwa, ambayo leo inatuchoma kuliko kitu kingine chochote mle, nayo aliiongeza yeye. Alichukua kikaragosi akakitia nyama na mishipa, kisha akakipiga.

Kumbuka aliandika wapi. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1656. Watazamaji wake, miaka ya 1596 na 1597, wengi hawajawahi kumwona Myahudi anayeishi Uyahudi wake hadharani. Walichokuwa nacho ni hadithi, na kumbukumbu mbichi ya Roderigo Lopez, daktari wa Malkia Elizabeth, Mreno wa asili ya Kiyahudi, aliyenyongwa mwaka 1594 kwa shutuma za kutaka kumtilia malkia sumu. Tamthiliya ilipochapishwa mwaka 1600, ukurasa wa mbele uliutangaza ukatili wa Shylock kama mwenye duka anavyoweka bidhaa dirishani. Mwaka 1623 iliwekwa katika fungu la vichekesho. Ndiyo, vichekesho.

Na bado kichekesho hicho kinamponyoka mwenyewe. Kina maonyesho ishirini, Shylock yumo katika matano tu, lakini nani anamkumbuka Bassanio, yule mchumba anayemwoa Portia?

Turudi kwenye yale macho, maana hapo ndipo mimi na binti yako tutakapokosana kidogo. Maneno yale hunukuliwa kama ombi la huruma: Myahudi hana macho? Hana mikono, viungo, hisia? Ukituchoma hatutoki damu, ukitutekenya hatucheki? Watu huishia hapo, wanapiga makofi. Shylock haishii hapo. Anaendelea: na mkitukosea, tusilipize? Kwa maneno yangu, mwisho wake ni huu: ubaya mnaonifundisha nitautenda, na haitakuwa ajabu nikimpita mwalimu. Yaani ubinadamu wote ule, macho na damu na kicheko, ameupanga kama hoja ya kuhalalisha kisu. Ukikata maneno yale katikati unapata mtume wa huruma. Ukiyafuta, kama walivyofanya akina Lamb, unapata zimwi. Shakespeare aliviweka vyote viwili katika pumzi moja, na ndiyo maana wasimuliaji hawaishi kumrudia: kila kizazi hukuta upande mmoja umezidi uzito, hujaribu kuusawazisha, kikatumbukia upande wa pili.

Jukwaani imekuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 18 London ilikuwa ikitazama toleo la George Granville, la mwaka 1701, ambamo Shylock alichezwa na mchekeshaji. Mwaka 1741 Charles Macklin akarudisha maneno ya Shakespeare na kumcheza kwa ukali uliotisha. Mwaka 1814 Edmund Kean aliingia na nywele nyeusi badala ya zile nyekundu za desturi, na watu wakaona mtu aliyejeruhiwa. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York ambaye Marekani haikuwa na jukwaa la kumpa, alimcheza Shylock hadi Urusi. Nadhani hakuhitaji kufundishwa maana ya kutemewa mate sokoni, kama Antonio anavyomtemea Shylock. Kisha Henry Irving, mwaka 1879, akabuni tukio lisiloandikwa popote: Shylock anarudi usiku, taa mkononi, anabisha mlango wa nyumba yake bila kujua binti ameshatoroka. Mlango ule wa Irving na milango ya sinagogi ya Radford ni ndugu. Miaka mia moja na zaidi imepita kati yao, na wote wawili walihisi kwamba Shakespeare amemwachia Shylock kutoka haraka mno, wakamtafutia kizingiti cha kusimama.

Na mzani uliwahi kuangukia kule kubaya kabisa. Mwaka 1943, Wayahudi wa Vienna wakiwa wameshasombwa kupelekwa kwenye makambi ya mauaji, ukumbi wa Burgtheater wa mji huohuo ulimpandisha Werner Krauss kumcheza Shylock kama kiumbe cha kuchukiza. Maneno kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Shakespeare, kwa Kijerumani. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia kuwa ukibaki na maandishi ya asili uko salama.

Sasa kitabu chako. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 ndipo kikatoka Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza jina la tamthiliya linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye si Shylock: ni Antonio, yule mwenye merikebu. Nyerere amefanya mambo mawili kwa neno moja. Ametia wingi, na amechagua bepari.

Bepari ni neno lililovuka bahari. Asili yake ni lugha za Bara Hindi, ambako lilimaanisha mfanyabiashara tu, na kwa Kiswahili cha zamani lilibaki hivyo, pasi na tusi. Lakini miaka miwili kabla ya kitabu, Februari 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limelitia neno hilo moto. Bepari akawa mnyonyaji. Kwa hiyo msomaji wa 1969 alipoona Mabepari juu ya jalada, hakuona mfanyabiashara wa Venisi, aliona tabaka zima, na Antonio mpole yumo ndani yake.

Unakumbuka Portia anapoingia mahakamani katika vazi la mwanasheria? Swali lake la kwanza la maana ni: yupi hapa mfanyabiashara, na yupi Myahudi? Wasomi wamelizungusha swali hilo miaka mingi, kwa sababu mmoja amevaa vazi linalomtambulisha na Portia angeweza kuona. Nyerere amelijibu juu ya jalada, kabla hata pazia halijafunguliwa: wote mabepari. Mmoja anauza fedha, mwingine anauza viungo na hariri. Kosa limehamishwa kutoka kwenye dini hadi kwenye mali. Naliona ni jambo la werevu mkubwa. Naliona pia lina kivuli, nalo ni kwamba neno lilibeba harufu ya kule lilikotoka, na huko Dar es Salaam ya 1969 wapo waliosoma bepari wakamwona jirani yao Mhindi mwenye duka, mtu ambaye, kama Shylock, wengine walikuwa wepesi kumwita mgeni hata kama babu yake alizaliwa hapa. Sheria inayommaliza Shylock ni ya mgeni, kumbuka: hila ya damu inamzuia tu, kinachomnyang'anya mali ni kifungu kinachomhusu mgeni anayeitafuta roho ya raia.

Hila yenyewe, tuseme ukweli, ni ya Abunuwasi. Hati inasema nyama, haisemi damu. Kata, lakini tone moja lisidondoke. Sisi tuliolelewa na kisa cha tajiri aliyemdai maskini fedha kwa kunusa harufu ya chakula chake, Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa sarafu, tunaipokea hukumu ya Portia kwa kicheko na raha. Tofauti ni kwamba Abunuwasi huwa upande wa mnyonge, na tajiri huenda nyumbani na mlio wake, hakuna anayemnyang'anya chakula. Portia haachii hapo. Ametoka kuhubiri rehema, hotuba nzuri kweli kweli, na dakika chache baadaye nusu ya mali ya Shylock imepita, nusu nyingine imepangiwa mkwe wasiyepatana, na dini yake imetangazwa kuwa imekwisha. Shylock akiulizwa kama ameridhika, anajibu ameridhika. Abunuwasi mwenyewe, kwa njia, ni mfano mzuri wa unachoniuliza: Abu Nuwas wa kihistoria alikuwa mshairi wa Baghdad, mtunzi wa mashairi ya mvinyo, aliyefariki karibu na mwaka 814. Waswahili walimchukua jina, wakampa sufuria inayozaa. Hakuna aliyewaomba hati ya ruhusa.

Ndiyo maana swali la haki halinisumbui sana. Wakati Nyerere anachapa Mabepari, mwaka uleule wa 1969, Aimé Césaire wa Martinique alikuwa ameiandika upya The Tempest, tamthiliya nyingine ya Shakespeare. Hakuiita Tufani, aliiita Tufani mojawapo, ili ijulikane kuwa zipo nyingine. Mtumwa wake Caliban, sasa ni mtu mweusi, neno lake la kwanza kabisa akiingia jukwaani ni "Uhuru!" Kwa Kiswahili, katika tamthiliya ya Kifaransa. Prospero, bwana wake, anauliza anasema nini, kisha ananung'unika kwamba ile lugha yake ya kishenzi imeanza tena. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikacheka peke yangu kama mwehu. Jean Rhys wa Dominica naye, mwaka 1966, alikuwa amemtoa yule mke kichaa aliyefungiwa darini katika riwaya ya Kiingereza, Jane Eyre, akamrudishia utoto wake wa Karibiani. Hawa hawakubadili mhusika. Waliingia chumba ambacho mtunzi wa kwanza alikipita mlango ukiwa wazi.

Ninaowalalamikia ni wanaompokonya mhusika kisu. Arnold Wesker, Myahudi wa London, mwaka 1976 alitoa tamthiliya yake ambamo Shylock ni mpenda vitabu na Antonio ni rafiki yake wa chanda na pete. Hati ya nyama wanaiandika kwa mzaha, kuikejeli sheria inayolazimisha hati kati ya Myahudi na raia. Merikebu zikipotea, mzaha unakuwa kitanzi, na Shylock hawezi kuuvunja mkataba bila kuhatarisha jumuiya yake yote. Portia akiitangua hati, Shylock anamshukuru Mungu. Najua Wesker aliandika kwa uchungu, na yapo mazungumzo mle ya kupendeza. Ila akishatoka jukwaani huyo bwana mwema mimi namsahau. Shylock asiye na chuki ni jirani tu aliyepatwa na mkosi.

Na kuna macho mengine ya Shylock ambayo filamu nyingi huyakodolea kidogo mno, ila sisi wa pwani na bara hatupaswi kuyapita. Mahakamani, akiulizwa atatarajiaje rehema ilhali haitoi, anawageuzia waheshimiwa: ninyi mnao watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa. Niwaambie waacheni huru, waozeni watoto wenu? Mtasema ni wetu. Basi na ratili hii nimeinunua, ni yangu. Hakuna anayemjibu. Liwali anazungumzia kuahirisha shauri. Ukisoma hapo huku unajua kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, ukimya ule una uzito mwingine. Mwongezee mwana wa mfalme wa Moroko, anayeanza kwa kumwomba Portia asimchukie kwa rangi yake, na Portia, huyohuyo wa rehema, akishamwona ameshindwa kuchagua sanduku anasema wote wa rangi ile wachague vivyo hivyo. Mwalimu wa kwanza aliyenisomesha tamthiliya hii aliruka mstari huo. Nadhani aliona haya kwa niaba ya Portia.

Sasa ninyi wawili. Kitabu unacho, kwa hiyo fungueni tendo la nne, mlisome kwa sauti sebuleni, binti awe Portia na wewe uwe Shylock, si kinyume chake. Mkimaliza mbadilishane. Sehemu ya Gratiano, yule kijana anayemzomea Shylock tangu hukumu inapogeuka hadi anapotoka, mpeni mdogo wake asome, na mwambieni azomee kweli, bila kujizuia. Kisha wewe ukifika pale pa kusema umeridhika, usiharakishe.